Jioni Ambazo Nyevu Hakuziona

Nyevu alikuwa na kazi zake za asubuhi, likizo au si likizo. Alichota maji bombani, akafagia ua, akachemsha chai, kisha akamwamsha mdogo wake Lewa. Kumwamsha Lewa kulimchosha kuliko maji, ufagio na chai vikiwekwa pamoja. Mama yao, Gladys, hakuwepo saa hizo. Alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja huko Diani. Alitoka nyumbani na giza na kurudi na giza, na mtaa wao alikuwa akiuona mchana siku ya Jumapili tu.

Mtaa wenyewe ulikuwa Likoni, juu ya mlima unaotazama feri. Walikuwa wageni hapo. Walihamia kutoka Kisauni ili mama awe karibu na kazi, na hawakuwa wamekaa sana hoteli ilipoanza kupunguza wafanyakazi. Mama aliambiwa amalize mwezi, apewe haki yake, aende.

Jioni ile aliporudi na habari hiyo aliketi kitandani, akavua viatu polepole.

"Nitafungua duka," alisema. "Haki yangu ya hoteli ndiyo pesa pekee tuliyo nayo duniani. Nikiiweka mahali pazuri, tutakula. Nikiiweka mahali pabaya, basi ni kufungasha na kurudi Kaloleni kwa bibi yenu, na wewe shule yako utaiacha hapa."

Nyevu alikuwa darasa la saba na aliipenda shule yake. Maneno hayo yalimwingia.

Vyumba vya kukodi vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa mbele ya nyumba ya Bi Mwanabibi, kando ya njia ya mkato inayoteremka moja kwa moja hadi feri. Cha pili kilikuwa juu kabisa, karibu na steji ya matatu, ubavuni mwa kinu cha kusaga unga cha mzee mmoja aitwaye Gershom. Mama hakujua achague kipi, na hakuwa na siku ya kukaa akatazama, kwa kuwa hoteli ilimtaka hadi siku ya mwisho. Akaita:

"Nyevu!"

"Abee, mama."

"Njoo hapa. Nakutuma kazi ya mtu mzima. Shule zimefungwa, nafasi unayo. Nenda ukae kwa Bi Mwanabibi, asubuhi na jioni. Halafu kwa Gershom vivyo hivyo, asubuhi na jioni. Uniangalilie watu wanaopita. Na usitazame miguu peke yake, tazama mikono. Mtu anayerudi nyumbani mikono mitupu, huyo hana cha kupika. Huyo ndiye mteja wangu."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia au umeelewa?"

"Nimeelewa," Nyevu alijibu, kifua mbele. Hakuna mtoto asiyependa kuambiwa kazi yake ni ya mtu mzima.

Kesho yake alfajiri alijikalia kwenye jiwe mkabala na nyumba ya Bi Mwanabibi. Lo! Watu walikuwa wakiporomoka kwenye ile njia ya mkato kama mahindi yanayomwagika guniani. Wafanyakazi wa bandarini, makarani, wauza nguo, wanafunzi wa vyuo, wote wanakwenda ng'ambo, wote mbio wasiachwe na feri. Vumbi lilitimka. Nyevu alifurahi mno. Duka likiwa hapa, alijiambia, tutauza hadi mizani ichoke.

Jioni ilipofika alikuwa njiani kwenda kukaa tena akakutana na rafiki yake Janice, binti wa fundi cherehani wa nyumba ya tatu.

"Unaenda wapi na uso wa kazi hivyo?" Janice aliuliza. "Kipindi kinaanza saa hii. Leo yule bibi harusi anajua ukweli!"

"Mama amenituma nikatazame watu wanaopanda kutoka feri."

Janice alicheka. "Si ni wale wale walioshuka asubuhi? Wakishuka lazima wapande. Watapitia wapi, wataruka?"

Hapo Nyevu alisimama akafikiri. Aliona neno hilo lina akili. Tena kwa kina Janice kulikuwa na televisheni kubwa, na mama yake Janice, Phoebe, alikuwa mkarimu wa ajabu. Ungeingia kwake umeshiba, ungetoka umeshiba zaidi. Basi akaenda. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa yake, hata ikawa ada. Kwa Gershom alipita asubuhi moja tu. Aliona mwanamke mmoja na debe la mahindi, na mbwa aliyelala. Akageuka akarudi.

Siku mama alipotaka habari, alikuwa amezamisha miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Nyevu alimweleza asubuhi ya kwa Bi Mwanabibi, na yote aliyosema yalikuwa kweli.

"Na jioni je?"

Nyevu alimwona mama amemkazia macho, amechoka, anangoja. Akaona haya kusema hakwenda. Ndivyo ilivyo kwa haya: ukiikimbia mara moja, kesho unaikuta imenenepa.

"Jioni ndiyo usiseme, mama!" alisema. "Wanapanda wengi vilevile. Mikono mitupu."

"Mitupu kweli?"

"Mitupu! Kuna mwanamke hata aliniuliza kama hapo kunauzwa mafuta ya taa. Na baba mmoja na watoto wake watatu, anatafuta mkate mtaa mzima."

Uongo una tabia hiyo. Ukishautoa nje unataka kuvishwa nguo.

"Na kwa Gershom?"

"Kwa Gershom hakuna watu. Mbwa tu."

Mama alicheka, akamvuta akambusu utosini. "Mungu akubariki, mwanangu. Macho yako yamekuwa macho yangu."

Usiku huo Nyevu alilala ameupa ukuta uso.

Duka lilifunguliwa kwa Bi Mwanabibi mwanzoni mwa mwezi. Mchungaji aliliombea. Fundi aliandika kwenye ubao wa juu ya mlango kwa rangi nyekundu: DUKA LA NYEVU. Mama alikuwa akimwambia kila mtu, "Huyu ndiye aliyenichagulia mahali. Alikaa hapa asubuhi na jioni, jua lake, mvua yake." Watu walimsifu, na Nyevu alitazama vidole vya miguu yake. Phoebe ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza kabisa. Alinunua sukari na majani ya chai, akasema kwa sauti, "Haya Gladys, nimekufungulia biashara. Uuze hadi uchoke!"

Mama hakuchoka kwa kuuza. Alichoka kwa kungoja.

Asubuhi watu walipita kama Nyevu alivyoona, mbio, macho kwenye feri. "Hongera mama! Tutapita jioni!" walisema bila hata kupunguza mwendo. Nani atanunua kilo ya unga akaivushe feri, akakae nayo kazini kutwa? Jioni ilipofika, njia ya mkato ilikuwa tupu. Wakapita mbuzi wa Bi Mwanabibi, wakapita watoto wawili na mpira. Mama alisimama kaunta, mikono juu ya mizani, akitazama chini ya mlima.

Nyanya zililegea zikaoza. Mikate ilifanya ukungu. Maziwa yalichacha ndani ya pakiti. Walikula mikate ile wenyewe, wakiikwangua kingo, na Lewa alisema kwa furaha, "Mama, siku hizi tunakula mkate kila siku!" Mama alitoka nje akajifanya anaanua nguo. Nyevu aliziona nguo hazikuwa zimekauka.

Mara nyingi alitaka kusema. Alifungua mdomo, akaufunga. Kila siku iliyopita ilifanya jambo lenyewe kuwa zito zaidi, maana sasa hakuwa na kosa la kutokwenda tu. Alikuwa na kosa la kunyamaza akiona nyanya zinaoza.

Kisha likatokea baya kuliko nyanya.

Watu wengi wa biashara huamini kwamba mteja wa kwanza anayekufungulia, iwe duka jipya au siku mpya, ana mkono wake. Mwenye mkono mwema huleta riziki, na mwenye nuksi huifunga. Mwanamke mmoja wa kanisani alikuja dukani akatazama rafu zilivyojaa vumbi, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani ni nani aliyekufungulia hapa siku ile?"

"Mama Janice," alijibu mama.

"Ahaa," alisema yule mwanamke, na asiseme zaidi. Ile "ahaa" yake ilitosha.

Mama hakuwa mtu wa mambo hayo. Lakini mtu anayezama hushika hata unyasi. Alianza kujibu salamu za Phoebe kwa ncha ya ulimi. Kisha akaacha kupita mbele ya nyumba yake. "Huyo mama yako mbona amenibadilikia?" Phoebe alimuuliza Nyevu siku moja, amefadhaika kweli. Nyevu alisema hajui. Alikuwa akijua sana nuksi ya duka lile ilipokaa. Ilikuwa imeketi hapo hapo nyuma ya kaunta, ikimenya vitunguu.

Asubuhi moja mapema, mama amemaliza tu kufungua mlango, Phoebe alitokea na kikapu.

"Shikamoo," Nyevu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Gladys, nipe mkate na maziwa, mzee anatoka kazini zamu ya usiku."

Mama hakusogea. "Bado sijafungua."

Phoebe alitazama mlango uliokuwa wazi. Alitazama mizani iliyokuwa juu ya kaunta. "Hujafungua vipi? Si umesimama hapo?"

"Mama Janice, tafadhali. Ngoja mwingine atangulie, halafu nitakuuzia."

Phoebe hakuwa mjinga. Alikuwa amekaa pwani miaka ya kutosha kuelewa neno hilo. Kikapu kilishuka mkononi.

"Kwa hivyo ni mimi?" aliuliza polepole. "Mimi ndiye nuksi, Gladys? Watoto wako wanakula kwangu, mimi ndiye nimekufunga riziki?"

Macho yake yalijaa machozi. Mama alitazama pembeni. Nyevu alitamani ardhi ipasuke immeze, kaunta na vitunguu na yote. Ardhi haikupasuka. Haipasuki kamwe unapoihitaji.

"Si yeye, mama," alisikia sauti yake ikisema. "Ni mimi."

Wanawake wote wawili waligeuka.

"Sikukaa hapa jioni. Zile jioni nilizosema... nilikuwa kwao. Nikitazama televisheni na Janice."

Phoebe alishika kifua. "Jioni zile zote? Nami nakupa chai na mahamri, nikijua huna kazi!"

Mama alitafuta pa kukalia. Alikalia kreti la soda, polepole. Hakupiga kelele. Laiti angepiga, Nyevu angejua afanye nini.

"Hata jioni moja hukukaa?" mama aliuliza.

"Hata moja."

"Na kwa Gershom?"

"Asubuhi moja tu."

"Yule baba mwenye watoto watatu?"

"Hakuwepo, mama. Nilimtunga."

"Na yule mwanamke wa mafuta ya taa?"

Nyevu alilia. "Hakuwepo."

"Hakuwepo," mama alirudia. Akageuza kichwa kutazama pembeni mwa duka, palipokuwa na pipa zima la mafuta ya taa. "Mimi nilimnunulia huyo mwanamke pipa. Kila jioni namngoja."

Hapakuwa na fimbo iliyomchapa Nyevu maishani mwake kama neno hilo. Mama alikuwa ameamini kila alilosema, hata watu ambao hawakuzaliwa.

Baadaye mama aliinuka, akamkabili Phoebe. Nyevu alimwona mama yake akiona haya, na hilo lilikuwa geni, tena lilimuuma kuliko haya yake mwenyewe.

"Mama Janice, nimekukosea. Mtoto amenidanganya, lakini huo uchafu wa nuksi niliuokota mwenyewe. Nisamehe."

Phoebe alifuta macho kwa ncha ya leso. "Nimeumia, Gladys. Sitakudanganya na mimi. Nimeumia." Akachukua kikapu chake akaondoka bila mkate wala maziwa.

Jioni ile mama alifunga duka mapema. "Twende," alimwambia Nyevu. "Tukatazame alichokuwa akitazama mbwa wa Gershom."

Waliketi kwenye baraza la kinu. Haukupita muda, matatu ya kwanza ikapanda kutoka feri, imeinama kwa uzito wa watu. Ikafuata tuktuk, ikafuata nyingine. Watu walishuka, wakanyoosha migongo. Walikuwa wale wale wa asubuhi, karani mmoja mwenye viatu vyekundu, muuza nguo na mzigo wake. Asubuhi waliteremka mlima kwa miguu kwa kuwa kuteremka hakuna gharama. Jioni, wakiwa wamechoka, nani atapanda mlima ule kwa miguu? Walipanda gari na kushukia hapa, wakaulizana wapi watapata sukuma wiki na unga. Wengi wao mikono ilikuwa mitupu. Nyevu aliona yote hayo na akatamani angekuwa kipofu. Ingetosha kukaa hapa jioni moja.

"Waliruka kweli," alisema kwa sauti ndogo.

Mama hakuelewa, wala hakuuliza.

Kuhama kulikuwa na aibu yake. Bi Mwanabibi aliwaachia bila maneno mengi. "Wallahi mwanangu," alimwambia mama, "mimi nilidhani una wateja wako wa asubuhi. Hapa jioni ni mimi na mbuzi wangu." Lakini kodi iliyokwisha kulipwa ilikuwa imekwenda, na vilivyooza vilikuwa vimeoza. Pesa iliyobaki ilitosha kujaza nusu ya rafu. Walipakia mkokoteni mchana kweupe. Ilibidi Nyevu ausukume mlimani, mtaa mzima unatazama, ubao wenye jina lake ukiwa juu ya mzigo. Wenzake wa shule waliuliza, "Kumbe duka lako linatembea?" Alisukuma tu. Pipa la mafuta ya taa ndilo lililokuwa zito kuliko vyote.

Kabla ya kufungua upya, mama alimtuma kwa Phoebe, peke yake. Phoebe alikuwa kwenye cherehani, na hakumkaribisha kiti.

"Nisamehe, Mama Janice. Umeitwa nuksi kwa sababu yangu."

Cherehani ilikwenda hadi mwisho wa mshono, ndipo ikasimama. "Ulijua?" Phoebe aliuliza. "Ulipoona mama yako hanisalimii, ulijua kwa nini?"

"Nilijua."

"Hapo ndipo uliponiumiza. Siyo televisheni." Alikata uzi kwa meno. "Nimekusamehe. Lakini bado naumwa, sawa? Vyote viwili vinaweza kukaa pamoja. Nenda."

Asubuhi ya kufungua duka jipya, wanawake waliotoka kusaga mahindi walijaa mlangoni na vikapu vyao. Mama alisimama kaunta, mikono ameikunja. "Ngojeni kidogo," aliwaambia. "Kuna mtu namngojea anifungulie."

"Nani huyo, mkuu wa wilaya?" mmoja alidhihaki. Wengine walianza kunung'unika. Mama hakutikisika. Yule mwanamke wa kanisani naye alikuwepo, na mama alimtazama usoni moja kwa moja. Walingoja hadi Phoebe, aliyealikwa na mama tangu jana, akatokea kwenye kona, anatembea taratibu, bado hajui kama anataka kuja.

"Mpisheni Mama Janice," mama alisema kwa sauti ya kusikika hadi steji. "Huyu ndiye mteja wangu wa kwanza."

Phoebe aliomba mkate na maziwa. Mama alipompa, walishikana mikono juu ya kaunta, na hawakuachiana haraka.

Biashara ilishika, si kwa miujiza, bali kidogo kidogo. Jioni matatu zilishusha watu, na watu walinunua unga, nyanya, sabuni ya kipande. Hata mafuta ya taa yaliisha siku moja umeme ulipopotea. Kaloleni hawakurudi, na shule zilipofunguliwa Nyevu aliingia darasani pamoja na wenzake.

Kitu kimoja tu hakikurudi haraka. Mama hakumtuma tena kutazama chochote. Alimtuma chumvi, alimtuma maji, lakini kutazama alikwenda mwenyewe, hata akiwa amechoka. Nyevu aliliona hilo kila siku, na kila siku liliuma.

Hata Jumapili moja mama akamwita.

"Nyevu!"

"Abee, mama!"

"Nataka kujua kama mchicha unaouzwa kule chini, kituo cha feri, huisha jioni ya Jumapili au hubaki. Ukiisha, nami nitaleta. Nenda ukanitazamie."

Nyevu nusura akimbie. Alifika, akasimama mahali pazuri, akakazia macho meza za mchicha. Mara mvua ikashuka, mvua ya pwani isiyobisha hodi. Watu walitawanyika. Naye akakimbilia chini ya paa la duka la simu, na kutoka hapo hakuona meza hata moja. Mvua ilipokatika wauzaji walikuwa wamekwenda, na chini palikuwa na majani machache yaliyokanyagwa.

Alirudi amelowa. Njiani kote alikuwa akibishana na nafsi yake. Ni mara ya kwanza ametumwa tena, naye anarudi na nini? Meza zilikuwa tupu. Kusema "umeisha" kungekuwa rahisi, na pengine ni kweli. Alisimama mbele ya kaunta, maji yakimtiririka usoni.

"Haya, niambie," mama alisema.

"Mama, mvua ilinyesha nikajificha. Wauzaji waliondoka mimi sioni. Sijui kama uliisha au waliubeba." Aliinamisha kichwa. "Sina habari ya kukupa."

Mama akavua leso yake mabegani, akaanza kumkausha kichwa nayo, kwa nguvu kama anavyomkausha Lewa.

"Umenipa," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Duka hutafutiwa mahali penye watu, hilo sote tumejifunza kwa uchungu. Lakini mwenye duka hawezi kuwa kila mahali, na siku zote ataweka pesa yake juu ya neno la mtu. Mtu akiniambia 'sijui', nitangoja, na sitapoteza hata nyanya moja. Mtu akinitungia jibu, nitanunua pipa zima. Aibu ya kusema 'sijui' hukauka kabla ya nywele zako. Ile nyingine umeionja mwenyewe."

Nyevu alikuwa analia ndani ya leso, na safari hii hakujificha.

"Jumapili ijayo utakwenda tena," mama alisema, akiikamua leso mlangoni. "Na ubebe mwavuli."